Turubai Juu ya Kuta Zetu

Turubai jipya likikunjuliwa juani hutoa harufu ambayo siwezi kuivumilia nikiwa nimesimama. Juzijuzi, hapa Mahajanga, karibu na chumba ninachopanga Tsaramandroso, mwenye duka mmoja alitandaza moja la bluu mbele ya mlango wake ili mteja aone upana wake. Ile plastiki yenye joto, ule ukali kama wa mafuta ya taa, ulinipiga puani, nikajikuta nimeketi kwenye ngazi za duka la watu huku mikono yangu ikipapasa hewani kutafuta kamba. Mteja akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia hapana, nimekumbuka paa.

Nakiri mapema: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikishafunga mlango narudi kuutikisa. Hata sentensi hizi nimeziandika na kuzifuta mpaka karatasi imechanika, kwa sababu Kiswahili changu sikukipata shuleni. Nilijifunza mwenyewe, kwa redio na vitabu vya kuazima, nikianzia na yale maneno machache ambayo bibi aliyaacha nyumbani kwetu: ya sala, ya biashara na ya bahari. Tulizungumza Kikomoro kidogo na Kimalagasi kingi. Kwa hiyo maneno ya watu mtakayoyasoma hapa nimeyavusha mimi, na naogopa kuna ladha iliyomwagika njiani. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia pwani hii, mtajaza penye pengo. Mnajua anga inavyokuwa siku ya pili baada ya kimbunga: safi kupita kiasi, kama mtu aliyevunja kitu na sasa anapiga mluzi.

Tuliishi Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, nyuma ya kiwanda cha sukari. Kiwanda kilikuwa kimeshanyamaza, lakini mvua ikinyesha harufu ya molasi ilipanda kutoka ardhini. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, Mama na mimi. Nyumba ilikuwa kuta nne za matofali ya saruji, na Mama alizipandisha pole pole tangu siku niliyozaliwa. Kwetu sisi watu wenye asili ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro, nyumba ni ya binti. Mtoto wa kike akizaliwa, mama yake huanza kumtafutia mawe. Binti ni mimi. Kila tofali lilikuwa langu, na kila ufa niliuona kama kosa katika daftari langu.

Kimbunga kiliondoka na mabati yote kwa mkupuo. Kilifunua nyumba kama mtu anavyofunua sufuria kuona kama wali umeiva, kikatutazama tulivyojibanza chini ya meza, kisha kikaenda zake na kifuniko. Palipokucha tuliona boriti moja, makombamoyo machache ya kubebea mabati, yaliyopinda, na juu yake mawingu.

Siku hiyohiyo alipita mwenyekiti wa mtaa wetu, ambaye kila mtu alimwita Prezida. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kutazama watu machoni akiwa na habari mbaya. Alisimama nje ya ukuta wetu akaongea na mti wa mpapai.

"Jumamosi mkaguzi anakuja kutoka mjini," alisema. "Nyumba yenye paa ni nyumba. Isiyo na paa ni kifusi. Wenye kifusi watahamia kwenye mahema pale uwanjani, kwa muda, na kifusi kitasafishwa."

"Kwa muda gani?" Mama akauliza.

"Kwa muda, Mama Anziza."

"Muda una mwisho, Prezida. Nakuuliza mwisho wake."

Prezida akaukuna mpapai. "Basi nikuulize mimi. Huna ndugu Komoro?"

"Ninao. Na wewe unao mjini Diego. Mbona huhamii kwao?" Mama alikuwa ameshika ufagio, na aliendelea kufagia huku akizungumza, akifagia ndani ya nyumba isiyo na paa kama vile wageni wanakuja. "Mimi nilizaliwa Mahajanga, na mama yangu alizaliwa Mahajanga. Sisi ni zanatany, watoto wa ardhi hii. Uwanjani siendi."

Nami, Mungu anisamehe, niliyapenda mahema. Nilikwenda kuyatazama yakisimamishwa kwenye uwanja wa mpira. Yalikuwa meupe, yote sawa, yamepangwa mistari iliyonyooka kuliko mistari ya mwalimu wetu ubaoni, na kila kamba ilikuwa imekazwa kama mwenzake. Kwa mtoto aliyezoea kupanga penseli zake kwa urefu, uwanja ule ulikuwa pepo. Rafiki zangu walikuwa wameanza kuhamia, wakiruka kamba na kucheka. Sikuelewa kwa nini tubaki kwenye tope na kuta zinazovuja mbingu, wakati kule kuna nyumba mpya isiyo na kosa hata moja. Niliamua kwamba Mama anaona aibu. Niliamini hataki majirani wamwone akipanga foleni ya choo cha pamoja, na kwamba kiburi chake kitaniua kwa kikohozi. Nilimchukia kidogo kwa hilo, kimyakimya, huku nikimsaidia kukamua magodoro.

Kila familia iliyopoteza paa ilipewa turubai moja la kufunikia vyombo wakati wa kungoja kuhama. Letu lilikuwa la bluu, limekunjwa pembe kwa pembe, na nilipolinusa kwa mara ya kwanza nilidhani ndiyo harufu ya vitu vyote vipya duniani. Mama hakulitandaza juu ya vyombo. Alilipima kwa hatua, akapima kuta kwa hatua, kisha akamtuma mtoto wa jirani aende kijiji cha Ambondrona kumwita Mjomba.

Mjomba Bakari, kaka yake Mama, alikuwa akiishi Ambondrona nyumbani kwa mkewe. Alikuwa na laka, ngalawa yake ya kuvulia, na alikuwa akishona matanga ya wavuvi wenzake. Kama kuna mtu aliyejua kitambaa na upepo, ni yeye. Alifika na kamba begani, akauzunguka ukuta wetu mara moja, akasema, "Hii kazi ndogo." Akasimama juu ya pipa, akafunga pembe nne za turubai kwenye makombamoyo yaliyobaki, akaacha tumbo la kitambaa lilegee kidogo, na upande unaotazama bahari akauinua.

"Lipate kupumua," alisema.

Lilikuwa zuri. Nililala chali chini yake, na mwanga ulikuwa wa bluu usoni mwangu na mikononi mwangu, kama tumezama na hatuhitaji hewa.

Alasiri ule upepo wa kawaida wa kutoka baharini ulipoanza, turubai lilivuta pumzi. Tumbo likajaa. Nikasikia kombamoyo likilia, na Mjomba, aliyekuwa akinywa chai ukutani, akasimama na kikombe mkononi, uso wake ukiwa kama wa mtu anayeona kitu anachokifahamu vizuri mno. Alikuwa amefanya kosa ambalo mkulima yeyote wa miwa asingelifanya. Mkulima angelilaza turubai chini kabisa na kulirundikia mawe. Mjomba maisha yake yote alijua jambo moja tu kuhusu kitambaa na upepo: jinsi ya kuuita. Na upepo uliitika. Ulilinyanyua turubai pamoja na makombamoyo mawili, ukalipitisha juu ya mpapai, juu ya uzio, ukalipeleka mashambani.

Jirani yetu Mama Soa, Msakalava mwenye ulimi, alikuwa amesimama uani kwake na mtoto kiunoni. Nyumba yake ilikuwa na bahati ya kupoteza bati moja tu.

"Kapteni!" alipiga kelele. "Nyumba yako imeng'oa nanga!"

"Nyamaza, wewe mwanamke."

"Sinyamazi! Mnakwenda wapi, kisiwani Maore? Nipakieni na mimi!"

Hata Mama alicheka, kisha akaacha ghafla, akashika kichwa. Ilikuwa Alhamisi.

Tulilitafuta mashambani, miguu ikizama. Tulilikuta limejisokota kwenye miwa ya zamani, limepasuka katikati. Nililia, na si kwa sababu ya paa. Nililia kwa sababu lilikuwa jipya na sasa lina kovu, na nilijua halitakuwa kamili tena. Nikamwambia Mama, kwa sauti niliyodhani ni ya mtu mzima, "Basi twende kwenye mahema. Ni kwa muda tu."

Tuliporudi Mama alilitandaza turubai sakafuni, Mjomba akatoa shazia, ile sindano nene ya kushonea matanga, nao wakaanza kushona wakielekeana, mmoja upande huu wa mpasuko na mwingine upande ule. Mimi nilishika kingo zisipishane. Mama alizungumza bila kuinua kichwa.

"Nilipokuwa kama wewe, Mahajanga, ilitokea fujo dhidi ya watu wa Komoro. Walikuja watu wakatuambia tusogee, tukakae pamoja mahali penye ulinzi. Tulilala chini ya turubai la askari, la kijani. Kwa muda. Bibi yako alifunga nyumba, akatia ufunguo kwenye pindo la leso, akawa anaushikashika kama tasbihi. Fujo ilipokwisha tulirudi Tsaramandroso. Mlango ulikuwa mpya."

"Mpya vipi?"

"Mpya, Anziza. Wenye nyumba walikuwa wameweka mlango mpya. Tukapiga hodi kwenye nyumba yetu, na mwanamke akatuuliza tunamtaka nani."

Mjomba alikata uzi kwa meno. "Nyingi zilichomwa," alisema. "Yetu haikuchomwa hata kidogo. Mama yetu alikuwa anasema afadhali ingeungua."

"Hakuna aliyetufukuza," Mama akasema. "Walitusogeza tu."

Nilizishika zile kingo mbili mpaka vidole vikafa ganzi, na sindano ilipopita karibu na ngozi yangu sikuviondoa. Kwa hiyo haikuwa aibu. Mama yangu hakuwa anaogopa choo cha pamoja wala midomo ya Mama Soa. Alikuwa ameshawahi kuishi kwenye hema jeupe la ndoto zangu, na lilikuwa la kijani.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, Mjomba alirudi kutoka Ambondrona akiwa amejitwika jarife, ule wavu wa papa, mzee, wenye viraka, unaonuka mpaka mbuzi wakakimbia.

"Jana nilifunga tanga," alisema. "Leo tunafunga papa."

"Umechelewa siku moja kuwa na akili," Mama akamwambia.

"Nyumba yenyewe si yangu, dada. Na ile ninayolala ni ya mke wangu. Mwanamume wa kwetu akili ya kujenga aitoe wapi?"

Walilivuta turubai mpaka likawa gumu kama ngozi ya ngoma, wakazungushia kingo zake kwenye fito, wakazibana fito kwenye kuta. Safari hii hawakuacha tumbo wala upande wa kupumua. Kilichobaki kilikuwa kulitandaza jarife juu yake na kulifunga, kisha kuning'iniza mawe pande zote. Lakini makombamoyo yasingebeba mtu mzima. Wote wawili wakanitazama.

Naogopa kupanda juu hata leo. Nilipanda kwa kulala kifudifudi, nikitambaa kama mjusi juu ya ule mgongo wa bluu uliokuwa unawaka jua, shavu langu kwenye plastiki, pua yangu imejaa harufu yake na ya papa waliokufa kabla sijazaliwa. Mjomba alinifundisha fundo kutoka chini kwa kuonyesha kwa vidole. Nililifunga. Halikufanana na la kwake. Nikalifungua. Nikalifunga tena, nikalifungua.

"Anziza!" Mama alipaza sauti. "Hilo si daftari la shule! Likishika limeshika!"

Lakini mimi sikuweza. Lile la pembe ya kaskazini lilinitesa zaidi kuliko yote, kwa sababu kamba ilikuwa fupi na ncha ilikuwa imechakaa. Nilikuwa naona kabisa, kwa macho ya ndani, upepo ukilipata fundo hilo moja, ukaliingizia kidole, ukamnyang'anya mama yangu nyumba kwa mara ya pili kwa sababu yangu. Nilishuka giza linaingia. Sikula.

Wengi wa mtaa wetu walikwishahamia uwanjani. Siwalaumu, wengine hawakuwa na ukuta hata mmoja. Ila niseme kilichowapata, maana hakuna anayekisema. Mahema yale ya muda yalikaa mpaka kitambaa kikaoza na kuwa na rangi ya chai. Watoto walizaliwa humo. Na pale zilipokuwa nyumba zao paliposafishwa, ulijengwa uzio, na waliorudi kuulizia viwanja vyao waliulizwa wao ni nani.

Jumamosi mkaguzi alikuja. Alikuwa kijana, mwenye buti zilizong'arishwa na matope mapya juu ya mng'aro. Prezida alimfuata hatua chache nyuma, akitazama miti. Walinikuta niko juu ya paa, nimelala kwenye pembe ya kaskazini, nakaza lile fundo.

"Hili si paa," mkaguzi alisema. "Hii ni plastiki."

Mama alitoka akajifuta mikono kwenye kanga. "Karibu, bwana. Mahema yenu yametengenezwa kwa nini?"

Kijana akamtazama Prezida. Prezida akautazama mpapai.

"Kwa turubai!" Mama Soa akajibu kutoka kwake, bila kuulizwa.

"Nisaidie basi kuelewa," Mama akasema, kwa upole kabisa. "Turubai likiwa uwanjani linaitwa nyumba. Likija juu ya kuta zangu linaitwa plastiki. Linabadilika wapi, hapa njiani?"

Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio, na kicheko kikapita kwao. Mkaguzi alikuwa na haya kwenye masikio, niliyaona kutoka juu, mekundu. Lakini hakuwa mjinga.

"Nimeambiwa juzi liliruka," alisema.

"Juzi lilikuwa tanga," Mjomba akasema. "Leo ni paa."

"Linashikiliwa na uzito wa mtoto. Mteremsheni."

"Bado fundo moja!" nikapiga kelele. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Sishuki! Bado fundo moja!"

"Anziza," Mama akasema. "Shuka, mwanangu."

"Halijakamilika, Mama."

"Najua. Shuka hivyohivyo."

Nilishuka. Nilisimama karibu yake, na aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mzito. Hakuna aliyeondoka. Hata mkaguzi alibaki, kwa sababu alasiri ilikuwa imefika, na kila mtu wa Dzamandzar anajua saa ambayo upepo wa baharini huja. Tulisimama tukingoja kama watu wa familia moja. Mtu akakohoa. Mbuzi akala karatasi.

"Wavu umetegwa," Mama Soa akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Sasa aje samaki."

Majani ya miwa yalilala kwanza. Kisha mpapai ukainama. Kisha upepo ukatufikia, ukaingiza vidole chini ya kingo, na turubai likavimba. Ulikuwa uvimbe mkubwa, wa ghafla, na kovu la katikati likafunguka kama jicho linalotaka kuamka. Jarife likakaza. Mawe yakanyanyuka kidogo kwenye kamba zake, yakagonga ukuta, tako-tako-tako, kama mtu anayebisha. Mimi nilikuwa nimefumba macho na kulitazama fundo langu gizani. Niliposikia mawe yakitulia nilifumbua. Turubai lilikuwa limelala mahali pake. Upepo ulirudi tena, na tena, kwa hasira ya kukataliwa, na kila mara jarife liliuminya ukatoka.

Hakuna aliyeshangilia. Mkaguzi alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akasema anataka kuona ndani, akaweka buti moja kwenye kizingiti.

"Viatu," Mama akasema.

Alidhani hakusikia vizuri. Akatazama sakafu yetu: tope jeusi, majani ya miwa, vipande vya saruji, dimbwi pembeni lenye kijiko kinachoelea. Akamtazama Mama, akingoja acheke. Kifusi mtu anakiingia na buti. Nyumba ya mtu hakuna anayeiingia hivyo, si Mkomoro, si Msakalava, si mzungu mwenye adabu. Mama alisimama mlangoni mwake, miguu mitupu kwenye tope, mikono imetulia kiunoni, na nilijua kwamba angesimama hivyo mpaka mabati yote ya kisiwa yarudi yenyewe.

Kijana akainama, akaanza kufungua kamba za buti. Nyuma yake Prezida alikuwa amekwishavua kandambili zake, akaziweka pamoja nje ya kizingiti, zikitazama njia, kama afanyavyo mgeni.